Kadi za grafiki za zamani: Angalia sloti kabla ya bei

KADI ya grafiki ya mwaka 1999 iliyochomolewa kwenye kompyuta mbovu inaweza kuishia sehemu mbili. Inaweza kwenda kwenye gunia la chakavu, ikapimwa kwa kilo pamoja na bodi nyingine kwa ajili ya dhahabu kidogo iliyopakwa kwenye pini zake. Au inaweza kwenda kwa mtu anayefufua kompyuta za zamani, ambaye hununua kwa kipande, kwa jina na kwa namba ya chipu. Bei za wanunuzi hawa wawili hazifanani hata kidogo, na faida huenda kwa muuzaji anayejua kadi ipi inaingia kwenye mashine ipi.

Biashara hii haihitaji mtaji mkubwa. Hasara yake, hata hivyo, huja ghafla. Kadi isiyolingana na sloti huenda isiishie kukataa kuwaka tu. Inaweza kuunguza madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, na madabodi ya miaka hiyo haitengenezwi tena. Muuzaji aliyemwambia mteja "hii inaingia popote" atarudishiwa kadi, atadaiwa madabodi, na mteja hatarudi.

Wateja wenyewe ni wa aina mbili. Wa kwanza anajulikana: ni mtu mzima mwenye kipato, mara nyingi wa Ulaya au Marekani, anayetaka kucheza tena michezo ya kompyuta ya ujana wake kwenye mashine ya wakati ule ule. Wa pili husahaulika. Ni mwenye kiwanda, karakana au maabara ambaye mashine yake ya kukata chuma au ya kupimia bado inaongozwa na kompyuta ya miaka ya 1990. Huyu hatafuti kasi. Kadi yake imekufa, kazi imesimama, na anataka nyingine inayowaka leo. Mara nyingi habishani sana juu ya bei, mradi asipewe kitu kitakachomsumbua tena mwezi ujao.

Umri wa sloti

Kadi ya grafiki hutambulika kwanza kwa meno yake ya chini, yale yanayozama kwenye sloti. Kompyuta ya IBM PC ilitoka Agosti 1981 ikiwa na sloti fupi ya biti 8, na mwaka 1984 modeli ya AT ikaongeza kipande cha pili na kufikisha biti 16. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa ISA, sloti ndefu ambayo kwa kawaida ni nyeusi. Mashine za 386 na za 486 za mwanzo ziliitegemea. Kadi za chipu za Trident na Tseng Labs za aina hii bado zinatafutwa, ya pili zaidi kuliko ya kwanza kwa sababu Tseng ET4000 ilikuwa ya kasi kwa wakati wake.

Mwaka 1992 ilitoka VESA Local Bus, ambayo mafundi huiita VLB. Hii ni sloti ya ISA iliyorefushwa kwa kipande cha ziada cha rangi ya kahawia, na kadi yake ni ndefu kiasi kwamba ukiichomeka vibaya madabodi inapinda. VLB ilifungamana na prosesa ya 486, ikafa pamoja nayo. Ndiyo maana kadi zake ni adimu. Asiyeijua VLB huiuza kwa bei ya ISA.

Mwaka huo huo wa 1992 Intel ilitoa PCI, sloti fupi nyeupe iliyodumu kuliko zote hizi. Inabeba megabaiti 133 kwa sekunde, wakati ISA ilikuwa ikihangaika na megabaiti chache tu. Kisha AGP, sloti ya kadi ya grafiki peke yake, ilitangazwa mwaka 1996 na kuanza kuonekana kwenye madabodi mwaka 1997. Mwaka 2004 PCI Express ilianza kuisukuma nje AGP, na hiyo ndiyo inayotumika hadi sasa.

Hapa kuna mtego wa maneno. Matangazo mengi ya vifaa vilivyotumika huandika "PCI" pale ambapo muuzaji ana PCI Express, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Sloti hizo mbili hazifanani wala haziingiliani. Mfanyabiashara anayenunua kwa picha aombe picha ya meno ya kadi, tena ya pande zote mbili. Asiyepewa picha hiyo anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Volti ndizo zinazoua

Sehemu ya hatari zaidi ni AGP, kwa sababu jina ni moja lakini umeme si mmoja. AGP ya kwanza, ya kasi ya mara moja na mara mbili, ilitumia volti 3.3 katika mawasiliano kati ya kadi na madabodi. Toleo la pili la mwaka 1998 lilileta kasi ya mara nne kwa volti 1.5. Toleo la tatu la mwaka 2002, la kasi ya mara nane, lilishusha tena hadi volti 0.8, ingawa kwa umbo linatumia sloti ile ile ya volti 1.5.

Waliotengeneza mpango huo waliweka kinga ya umbo. Sloti ya volti 3.3 ina kizuizi cha plastiki upande wa karibu na mgongo wa kasha, kule ambako bati la kadi hufungwa kwa skrubu. Sloti ya volti 1.5 ina kizuizi upande wa mbali, kuelekea mbele ya kompyuta. Kadi nayo ina pengo kwenye meno yake: pengo karibu na bati maana yake volti 3.3, pengo la mbali na bati maana yake volti 1.5, na yenye mapengo mawili inadai kukubali zote. Kuna pia sloti isiyo na kizuizi chochote, ambayo inapokea kadi ya aina yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo fundi mwenye macho anaweza kujibu swali la mteja bila kuwasha umeme. Madabodi yenye chipseti ya Intel 440BX, iliyotoka Aprili 1998 na kupendwa mno na wakusanyaji wa leo, ni ya volti 3.3 tu. Madabodi za Pentium 4 zenye chipseti za Intel 850 na 845, za mwaka 2000 na 2001, ni za volti 1.5 tu. Katikati kuna chipseti kama Intel 815 na VIA Apollo Pro 133A ambazo hushughulikia zote mbili, na hizi ndizo rafiki wa mtu asiyetaka kuumiza kichwa.

Tatizo ni kwamba kinga hiyo iliwahi kudanganywa na viwanda vyenyewe. Baadhi ya kadi za bei ya chini, zikiwemo baadhi ya zile zenye chipu za SiS 305 na TNT2 M64, zilikatwa mapengo mawili wakati ndani yake ni za volti 3.3 tu. Kadi ya namna hiyo inaingia vizuri kabisa kwenye madabodi ya Intel 845, mteja anawasha, na chipseti inapokea umeme ambao haikuumbwa kuupokea. Tatizo lilijulikana kiasi kwamba kampuni ya Asus iliweka kwenye baadhi ya madabodi zake za Pentium 4 taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzuia kompyuta isiwake endapo kadi isiyofaa imechomekwa. Madabodi nyingi hazina taa hiyo.

Kanuni ya duka basi ni hii: kadi yoyote ya AGP ya kabla ya mwaka 2000 ihesabiwe kuwa ya volti 3.3 hadi ithibitike vinginevyo, hata ikiwa na mapengo mawili. Isijaribiwe kwenye Pentium 4. Na kadi inayogoma kuingia isisukumwe, wala kizuizi kisikatwe kwa kisu. Wako waliowahi kukata.

Mashine moja, kadi tano

Chukua mfano wa mashine ambayo bado hupatikana kwenye stoo za ofisi: Pentium III ya megahezi 500, madabodi ya 440BX, Windows 98. Mteja anataka "kadi kali". Kwenye meza ya muuzaji kuna TNT2 ya mwaka 1999, Voodoo3 ya mwaka huo huo, GeForce2 MX ya mwaka 2000, na GeForce4 MX na GeForce4 Ti 4200 za mwaka 2002. Zote tano kwa kawaida zinaingia. Ipi auziwe?

Silika ya muuzaji ni kumpa Ti 4200, ambayo ndiyo yenye nguvu na ndiyo ghali. Hiyo ni faida ya siku moja. Prosesa ya megahezi 500 haiwezi kuilisha kadi hiyo kazi ya kutosha, hivyo sehemu kubwa ya uwezo aliolipia mteja itakaa bure, na umeme na joto vitaongezeka bila sababu. Ti 4200 ina mnunuzi wake: mwenye Athlon XP au Pentium 4 ya awali. Iwekwe pembeni imsubiri huyo.

Kwa mteja wa kawaida wa Pentium III ya 500, GeForce2 MX inatosha na inabaki. Haili umeme mwingi, nyingi zina kipande cha bati tu cha kupoza bila feni, na zilitengenezwa kwa wingi. TNT2 ni ya kweli zaidi kwa mwaka wa mashine, na mkusanyaji anayetaka kila kitu kifanane na mwaka 1999 ataipendelea. GeForce4 MX ni kadi nzuri yenye jina la kupotosha. Licha ya namba nne, ndani yake ni ya ukoo wa GeForce2 na haina uwezo wa kuendesha madoido mapya yaliyoletwa na GeForce3 mwaka 2001. Ikiuzwa kama GeForce2 iliyochangamka, hakuna atakayelalamika. Ikiuzwa kama ndugu wa Ti, mteja ajuaye atarudi nayo.

Voodoo3 ni habari ya peke yake.

Jina linalouza

Kampuni ya 3dfx ya Marekani ilitoa kadi ya kwanza ya Voodoo mwaka 1996, na kwa miaka michache ikawa ndiyo kipimo cha picha za michezo ya kompyuta. Ilikuwa na lugha yake ya kuwasiliana na michezo, iitwayo Glide. Michezo mingi ya mwaka 1996 hadi 2000 iliandikwa ikiitegemea, na mingine inaonekana vizuri kwa Glide kuliko kwa njia nyingine yoyote. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni ilikubali kuuza mali zake kwa mshindani wake Nvidia, na mwaka 2002 ikaomba kufilisika. Tangu hapo hakuna Voodoo nyingine iliyotoka kiwandani kwake.

Hapo ndipo bei inapotoka. Mahitaji yanabaki, bidhaa haiongezeki, na kila mwaka baadhi hufa. Mfano wa kupindukia ni Voodoo5 6000, kadi yenye chipu nne ambayo haikuwahi kuingia sokoni rasmi. Zilibaki za majaribio tu. Mwaka 2023 moja iliuzwa kwa mnada mtandaoni kwa zaidi ya dola 10,000. Hiyo isimlaghai mtu. Hakuna mwenye stoo Kariakoo au Luthuli Avenue atakayeikuta chini ya rundo, na anayepewa ya bei rahisi aikimbie. Somo kwa mfanyabiashara mdogo liko chini zaidi, kwenye Voodoo3, Voodoo2 na hata ile ya kwanza, ambazo zilifungwa kwenye kompyuta za watu wa kawaida na zinaweza kujificha kwenye kompyuta isiyo na thamani.

Voodoo ya kwanza na Voodoo2 zina kitu kinachowachanganya wengi. Hazifanyi kazi peke yake. Zinachomekwa kwenye PCI pembeni ya kadi ya kawaida, na waya mfupi unapitisha picha kutoka kadi ya kawaida, kupitia Voodoo, hadi kwenye monita. Fundi asiyejua huchomeka Voodoo2 peke yake, anaona kiza, anaitupa kwenye gunia la chakavu kama mbovu. Waya ule mfupi nao usitupwe. Voodoo2 zilizotoka mwaka 1998 zilikuwa za megabaiti 8 na 12, na mbili zilizolingana ziliweza kuunganishwa kufanya kazi pamoja. Ndiyo maana jozi inayolingana huvutia wanunuzi kuliko kadi mbili zisizofanana, na mwenye jozi asiitenganishe kwa haraka ya kupata hela.

Voodoo3 yenyewe ni kadi kamili inayojitegemea, iliyotoka kwa AGP na kwa PCI. Ya AGP ni ya volti 3.3. Kwenye 440BX iko nyumbani. Kwenye Pentium 4 haiingii. Ya PCI ina soko lake, na sababu iko hapa chini.

Kompyuta zisizo na AGP

Kompyuta nyingi za ofisi zilizoletwa kwa makontena baada ya kuchakaa Ulaya na Marekani zilijengwa ili ziwe za bei nafuu. Grafiki yake imo ndani ya chipseti, na sloti ya AGP haipo kabisa. Intel 810 ya mwaka 1999 ni ya aina hiyo. Mwenye mashine hiyo hana njia nyingine isipokuwa PCI, na ndiyo maana kadi nzuri ya PCI huweza kuuzwa kwa bei ya juu kuliko ndugu yake wa AGP mwenye chipu ile ile. Voodoo3, GeForce2 MX na GeForce FX 5200 zote zilitoka pia kwa PCI.

Kuna mambo mawili ya kupima kabla ya kumkabidhi mteja wa aina hii. Kwanza, kasha. Kompyuta nyingi za ofisi ni nyembamba na zinapokea kadi fupi tu, yenye bati la nusu kimo. Bati hilo likikosekana, kadi haifungiki. Pili, umri wa PCI yenyewe. Madabodi za 486 na Pentium za mwanzo zilifuata toleo la zamani la PCI, na nyingine haziupi sloti umeme wa volti 3.3 unaohitajiwa na kadi za miaka ya baadaye. Kwa mashine hizo, kadi ya miaka ile ile, kama S3 Trio64 au Matrox Millennium za mwaka 1995, ni salama kuliko kitu chochote cha mwaka 2003. S3 Trio64 haina umaarufu, lakini inaelewana vizuri mno na programu za DOS, na mwenye kiwanda aliyetajwa mwanzoni mara nyingi ndiyo anayoihitaji bila kujua jina lake.

Herufi za mwisho na hesabu ya chipu

Majina ya kadi yana mikia, na mkia hubeba bei. TNT2 ya kawaida ina njia ya memori ya biti 128. TNT2 M64 ina nusu yake, biti 64, na inapwaya kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Radeon 9200 na Radeon 9200 SE zina tofauti hiyo hiyo. GeForce FX 5200 ilitoka kwa namna zote mbili chini ya jina moja.

Wauzaji hupenda kutangaza ukubwa wa memori, kwa kuwa ni namba rahisi kusema. Kadi ya megabaiti 128 yenye njia ya biti 64 inaweza kushindwa na ya megabaiti 64 yenye njia ya biti 128, kama tangi kubwa lenye bomba jembamba. Njia moja ya kukisia ni kuhesabu chipu za memori kwenye kadi. Katika kadi nyingi za kipindi hicho zenye chipu ndefu za miguu pembeni, kila chipu hubeba biti 16: chipu nne huleta 64, nane huleta 128. Si kanuni isiyovunjika, ila inatosha kumwambia mnunuzi aulize swali la pili.

Pawa, kapasita na betri

Pawa saplai za miaka ya 1990 zilitoa nguvu nyingi kwenye volti 5 na 3.3. Zile za kisasa zimehamishia karibu nguvu yote kwenye volti 12. Mtu anayefunga pawa mpya ya wati 500 kwenye madabodi ya mwaka 1999 akidhani ameboresha, anaweza kukuta upande wa volti 5 ni dhaifu kuliko pawa ya zamani aliyoitoa. Lebo ya pembeni isomwe mstari kwa mstari, si namba kubwa tu. Kadi kubwa za baadaye zilihitaji waya wake wa umeme: Radeon 9700 Pro ya mwaka 2002 ilitumia ule mdogo wa diski ya flopi, na Voodoo5 5500 ya mwaka 2000 ule mkubwa wa diski kuu. Waya huo usipochomekwa, kadi huonekana mbovu bure.

Kapasita zitazamwe vichwa. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 zilitiwa kapasita duni zilizovimba na kuvuja, na kadi za grafiki hazikupona. Kichwa kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia kinapunguza bei. Hakiifanyi kadi kuwa takataka, kwa sababu fundi mwenye pasi nzuri ya kulehemu anabadilisha kapasita kwa gharama ndogo. Kwenye madabodi za 386 na 486 adui ni betri ya pipa iliyolehemewa kwenye bodi. Ikivuja hula njia za shaba hadi kwenye sloti, na hapo kadi nzima kabisa itaonekana haifanyi kazi.

Draiva zina mwisho wake

Kadi inaweza kuingia, ikawaka, na bado isimfae mteja. Nvidia ilitoa draiva za mwisho za Windows 98, toleo la 81.98, mwishoni mwa mwaka 2005, na Microsoft ikafunga huduma za Windows 98 tarehe 11 Julai 2006. Kadi zilizokuja baada ya hapo hazina la kuzungumza na mfumo huo. Hata kabla ya ukomo, kizazi cha GeForce 6 cha mwaka 2004 kiliacha baadhi ya mbinu za zamani ambazo michezo ya miaka ya 1990 ilizitegemea, hivyo ukungu na rangi katika michezo hiyo huharibika. Kwa Windows 98, GeForce FX kurudi nyuma ndiko kwenye usalama. Muuzaji anayeweka draiva sahihi kwenye diski na kuituma pamoja na kadi anauza kitu ambacho jirani yake hauzi.

Upande wa monita neno ni fupi. Kadi za kabla ya VGA ya mwaka 1987, yaani MDA, CGA na EGA, hutoa ishara kwa tundu la pini 9 na kwa masafa tofauti na VGA ya pini 15. Monita ya kale ya IBM ya kijani, ikipewa ishara ya CGA, inaweza kuungua. Bidhaa hizo ni chache Tanzania, kwani mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na zuio hilo lilichelewa kulegezwa, kwa hiyo mashine za mwanzo wa miaka ya 1980 hazikuingia kwa wingi. Anayezikuta aulize kabla ya kuwasha.

Kupima, kufunga, kutuma

Mwenye nia ya kufanya kazi hii kwa dhati anahitaji benchi la majaribio lenye madabodi mbili: moja ya 440BX kwa kadi za volti 3.3 na za PCI, moja ya Pentium 4 kwa za volti 1.5. Kadi ifutwe meno kwa kifutio laini na spiriti, ichomekwe, ikae kwenye mchezo au jaribio la picha kwa nusu saa. Mistari, nukta za rangi au picha kuganda ni dalili ya memori au chipu iliyochoka. Kwenye madabodi nyingi zenye BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi maana yake kadi ya grafiki haionekani. Mara nyingi ni uchafu tu. Picha ya skrini ikionyesha kadi inafanya kazi, ikiwekwa kwenye tangazo, huondoa neno "haijapimwa", ambalo ndilo linalowafanya wanunuzi wakate bei.

Bei yenyewe isichukuliwe kutoka kwenye matangazo yaliyo wazi, ambapo kila mtu anaandika anachoota. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo bei ya soko, na itazamwe ya miezi mitatu, kwani mnada mmoja uliopanda haufanyi soko.

Gharama za njiani nazo zimebadilika. Ulaya iliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22. Marekani ilisitisha kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, ambao ndio uliokuwa ukiwabeba wauzaji wadogo. Muuzaji asiyetaja mapema nani analipa ushuru atajikuta na kifurushi kilichokataliwa mlangoni kwa mteja, na nauli ya kurudi ni yake. Na wale wanaokusanya bodi mbovu kwa magunia na kuzituma nje wakumbuke kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme, za sumu na zisizo za sumu, zipate kibali cha nchi zinakokwenda kabla hazijaondoka bandarini. Kadi iliyopimwa, inayofanya kazi, ikafungwa kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na kuandikwa modeli yake ni bidhaa. Ile ile ikiwa ndani ya gunia, bila karatasi, afisa wa forodha ana haki ya kuiita taka.